Kushuka Ngazi ya Ulimwengu: Mwongozo Kamili, Kutoka Galaksi za Mbali Mpaka Ndani ya Atomi

Mwambie mtu kwamba ulimwengu tunaoweza kuuona una upana wa miaka ya nuru bilioni 93. Atatikisa kichwa, atasema Mungu mkubwa, kisha atarudi kwenye shughuli zake, kwa sababu namba hiyo haikumpa pa kushika. Mwambie kwamba katika nukta ya wino kuna atomi kwa mabilioni na mabilioni, itakuwa vilevile. Namba za aina hii huingia akilini kwa njia moja ninayoiamini: unashuka kidato kwa kidato, na popote inapowezekana unapima kitu kwa mikono yako au unakiona kwa macho yako. Vidato vya namna hiyo ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Vifaa karibu vyote viko nyumbani: sinia kubwa, mafuta ya kupikia, punje za ulezi na choroko, rula, uzi, kijiti na simu. Cha kununua ni kalamu ya leza nyekundu, ile ndogo ya bei rahisi.

Kazi hii haimalizwi kwa siku moja. Baadhi ya vidato vinategemea mwezi wa mwaka, kwa hiyo soma mwongozo wote kwanza, kisha anza na kile ambacho msimu wako unakiruhusu.

Hatua ya 1: Andaa utepe

Gundisha karatasi upate utepe wenye urefu wa mita 2 na robo. Chora mstari katikati, toka juu mpaka chini. Karibu na ncha ya juu weka alama, uandike 27. Shuka sentimita 10, andika 24. Shuka tena 10, andika 21. Endelea hivyo, ukipunguza 3 kila mara: 18, 15, 12, 9, 6, 3, 0, kisha hasi 3, hasi 6, mpaka hasi 18. Utapata alama 16 kwenye sentimita 150. Karatasi inayobaki chini iache tupu. Ina kazi mwishoni.

Namba hizo ni hesabu ya sifuri. Alama ya 27 ni mita 1 yenye sifuri 27 mbele yake. Alama ya 0 ni mita moja, na hasi 3 ni sehemu ya elfu ya mita, yaani milimita. Kila ukishuka sentimita 10, vitu vinakuwa vidogo mara 1,000. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanaona 24 na 27 zimekaribiana, wanadhani vitu vyake vinalingana kidogo. Ukitoka 27 mpaka 24 umeacha nyuma sehemu 999 kati ya 1,000. Hata sentimita 3 na kitu kwenye utepe ni tofauti ya mara kumi nzima. Kama unafanya kazi hii na watoto, usiende mbele kabla hilo halijakaa.

Sasa weka alama ya mwaka wa nuru. Mwanga huenda kilomita 299,792 kwa sekunde, na kwa mwaka mmoja hufika kilomita trilioni 9.46. Hiyo ni karibu kabisa na 16, thuluthi mbili ya njia ukitoka 18 kwenda 15.

Hatua ya 2: Kilele, ambako hakuna cha kushika

Kidato cha juu kabisa utakiandika kwa kuamini vipimo vya wengine. Ulimwengu unaoonekana una upana wa mita 88 zenye sifuri 25 mbele yake, yaani karibu sana na alama ya 27. Watu huuliza, na ni swali zuri: ikiwa ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, upana wake unafikaje miaka ya nuru bilioni 93? Jibu ni kwamba nafasi yenyewe imekuwa ikitanuka muda wote ambao mwanga ulikuwa njiani. Mahali palipotoa mwanga huo wa kale sasa pako mbali zaidi kuliko safari ambayo mwanga wenyewe ulisafiri.

Mwanga mkongwe kuliko wote umeshanyooka ukawa mawimbi ya redio mafupi. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa New Jersey, Marekani, mwaka 1964, wakitumia antena iliyokuwa ikitoa mvumo usiokwisha popote walipoielekeza. Kama bado una televisheni ya zamani ya antena, iwashe kwenye chaneli isiyo na kituo. Sehemu ndogo ya chenga unazoziona inatokana na mwanga huo.

Shuka karibu na 24. Hapa galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, zimejikusanya katika makundi makuu. Kundi letu linaitwa Laniakea, jina lililotolewa mwaka 2014 na timu ya Brent Tully wa Hawaii. Lina upana wa miaka ya nuru milioni 520 hivi na galaksi zipatazo laki moja. Chini yake kuna makundi ya kawaida ya galaksi, na hapa pwani yetu ina sehemu katika hadithi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kupima mionzi ya eksirei kutoka angani, na ilionyesha kwamba nafasi kati ya galaksi katika makundi hayo imejaa gesi yenye joto kali mno. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Hatua ya 3: Ona galaksi kwa macho matupu

Kuanzia hapa unaweza kutoka nje. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi, na inaangukia kwenye alama ya 21 kana kwamba ilipangwa. Jua letu liko kama miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovu chake. Ili uione unahitaji giza la kweli: kijijini, usiku usio na mwezi, na macho yaliyokaa gizani dakika 20 bila kutazama simu.

Galaksi ya jirani, Andromeda, tafuta mwezi Novemba saa tatu usiku. Tazama kaskazini. Juu sana utaona nyota nne zilizopanga mraba mkubwa. Huo ni mraba wa Pegasus. Kutoka kona yake ya chini kulia fuata mstari wa nyota unaoelekea kulia. Ukihesabu kona yenyewe kuwa ya kwanza, simama kwenye nyota angavu inayofuata, kisha geuka chini kuelekea upeo wa macho, upite nyota mbili hafifu. Kando ya ile ya pili kuna doa la ukungu. Usilikazie macho moja kwa moja. Tazama pembeni yake kidogo ndipo litokeze, kwa sababu pembe ya jicho huona mwanga hafifu vizuri zaidi.

Doa hilo liko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Mwanga unaouona ulianza safari wakati viumbe wa ukoo wetu wakichonga zana za mawe huku Afrika Mashariki. Hakuna kitu cha mbali zaidi ambacho mtu wa kawaida anaweza kukiona bila darubini.

Januari na Februari geukia kusini. Ukiwa Dar es Salaam, Songea, Lubumbashi au popote kusini ya Ikweta penye giza, utaona mabaka mawili yanayofanana na vipande vya Njia Nyeupe vilivyokatika. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo zilizo umbali wa miaka ya nuru 160,000 na 200,000. Wenzetu wa Ulaya hawayaoni kabisa. Lile dogo ndilo lililotupa kipimo cha mbali: Henrietta Leavitt, akifanya kazi Harvard kwa kutumia picha zilizopigwa Peru, aligundua kwamba nyota fulani zinazong'aa na kufifia kwa zamu hufuata kanuni. Kadiri zamu inavyokuwa ndefu, ndivyo nyota ilivyo na nguvu zaidi. Alichapisha kanuni hiyo mwaka 1912. Ukishajua nguvu halisi ya nyota na ukaona inavyofifia kwako, umejua umbali wake. Mwaka 1923 mwanaastronomia Edwin Hubble alipata nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda, na ubishi wa miaka mingi ukaisha: Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu. Hesabu yake ya kwanza ilikuwa pungufu, chini ya nusu ya umbali tunaoujua leo, lakini mlango ulishafunguka. Leavitt alikufa mwaka 1921, na kwangu mimi jina lake lilistahili kusikika kuliko linavyosikika.

Hatua ya 4: Nyota za jirani

Kilimia unakijua, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wetu walikitumia kupima msimu: kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Kiangalie jioni yoyote kati ya Novemba na Machi. Kiko miaka ya nuru 440 hivi, kidogo juu ya alama ya 18. Mwanga huo uliondoka kwake miaka michache kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593.

Kati ya Mei na Julai, kusini, pembeni mwa Msalaba wa Kusini, kuna nyota mbili angavu zinazouelekezea. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri, miaka ya nuru 4.37. Mwenzake mdogo, Proxima, asiyeonekana kwa macho, ndiye nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua: miaka ya nuru 4.24. Iandike kidogo juu ya alama yako ya mwaka wa nuru.

Hatua ya 5: Panga sayari barabarani

Hiki ndicho kidato ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachobadilisha watu. Michoro ya vitabuni hupanga sayari bega kwa bega, na picha hiyo hukaa kichwani maisha yote. Ifute kwa mguu.

Punguza kila kitu mara bilioni 10. Funga mpira wa matambara, kama ule wa chandimu, mpaka ufike kipenyo cha sentimita 14. Hilo ndilo Jua. Dunia inakuwa punje moja ya ulezi, milimita 1.3. Zuhura pia ni punje ya ulezi. Mirihi ni nusu ya hiyo, na Utaridi ndogo zaidi. Mshtarii ni gololi ya sentimita 1.4, Zohali gololi ndogo kidogo. Uranus na Neptune ni punje za choroko. Bandika kila punje kwenye kadi nyeupe, la sivyo utazipoteza kabla hujaanza.

Weka Jua mwanzo wa barabara iliyonyooka na tembea kwa hatua za mita moja. Utaridi ni hatua 6, Zuhura 11, Dunia 15, Mirihi 23. Mpaka hapo umeenda kama upana wa kiwanja cha nyumba. Kisha tembea mpaka hatua ya 78 ndipo uweke Mshtarii. Zohali iko 143, Uranus 287, Neptune 450.

Rudi kwenye Dunia. Weka chembe ya mchanga mwembamba sentimita 3.8 kutoka kwenye punje ya ulezi: ni Mwezi. Hizo sentimita 3.8 ndizo safari ndefu kuliko zote ambazo binadamu amewahi kwenda. Ukiwa hapo ulipo, kwenye hatua ya 15, geuka utazame mpira wa matambara. Unaonekana kwa ukubwa uleule wa Jua la angani, kwa kuwa skeli ya umbali na ya ukubwa ni moja.

Sasa uliza nyota ya jirani iko wapi kwa skeli hii. Ikiwa mpira wako uko Dar es Salaam, Proxima iko umbali wa kilomita 4,000 hivi, yaani Muscat, Oman. Kati ya choroko ya Neptune, iliyo mita 450 kutoka kwenye mpira, na Muscat hakuna nyota nyingine. Kuna vipande vya barafu vilivyotawanyika tu. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977 na kwenda bila kusimama tangu hapo, kwa skeli hii kiko kilomita 2 na nusu kutoka kwenye mpira.

Kwenye utepe, njia ya Neptune kuzunguka Jua inaangukia karibu na 13. Angalia pengo lililopo kati yake na Proxima: sentimita 12. Likumbuke, kwa sababu utakutana na lingine.

Hatua ya 6: Pima Jua kwa tundu la msumari

Usilitazame Jua kwa macho, wala kwa darubini, wala kwa miwani ya kawaida. Huhitaji. Kwenye nyumba ya bati iliyotobolewa na msumari, mchana huingia miali inayochora duara angavu sakafuni. Watu wengi wanadhani duara hilo ni umbo la tundu. Ni picha ya Jua. Hata tundu likiwa na pembe, alimradi ni dogo na liko mbali, duara hubaki duara. Nyumba yako haivuji? Toboa kadi kwa sindano na uielekeze juani.

Shika karatasi nyeupe iukabili mwali sawasawa, isiinamie upande, ili duara lisiwe yai. Pima kipenyo chake, kisha pima umbali kutoka tundu mpaka karatasi. Kwa mita 3 utapata kama sentimita 2.8. Gawanya umbali kwa kipenyo: jibu linakuwa karibu na 107. Uwiano huohuo upo kati ya umbali wa Jua na upana wake. Umbali ni kilomita milioni 150. Gawanya kwa 107, unapata kilomita milioni 1.4. Umepima Jua kwa rula ya shule. Liandike kwenye alama ya 9.

Wakati wa kupatwa kwa Jua, maduara haya huumwa pamoja nalo. Tarehe 1 Septemba 2016, pale Rujewa mkoani Mbeya, Jua lilipobaki pete, mianya ya majani ya miti ilichora pete ardhini. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kamili kutakakopita Misri, Saudi Arabia, Yemen na pembe ya Somalia. Kenya na Tanzania tutaona sehemu, kwa hiyo tayarisha kadi yako.

Mwezi ni rahisi zaidi. Nyoosha mkono ukiwa umeshika punje ya choroko, fumba jicho moja, funika nao Mwezi. Punje inakaribia kuufunika wote, hata ule mkubwa unaochomoza nyuma ya minazi.

Hatua ya 7: Pima Dunia kwa kivuli

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes wa Aleksandria, Misri, alipima mzingo wa Dunia kwa kulinganisha kivuli cha kwao na cha Aswan, ambako Jua la adhuhuri lilikuwa utosini. Sisi tuna bahati: Ikweta ni ya kwetu. Tarehe 20 au 21 Machi, na tena 22 au 23 Septemba, Jua hupita utosini mwa watu wa Nanyuki na kivuli cha adhuhuri hupotea. Huhitaji mtu wa kukupigia simu kutoka huko, unajua tayari.

Simamisha kijiti cha mita moja kwenye sakafu iliyosawazishwa kwa pima maji, ukinyooshe kwa timazi la fundi. Weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika mbili, na uchukue kilicho kifupi kuliko vyote. Dar es Salaam mwezi Machi kinatokea karibu saa sita na nusu mchana; Septemba, saa sita na robo. Kwa Dar kivuli ni karibu sentimita 12. Chora pembetatu ya kijiti na kivuli chake, upime kwa protrakta pembe iliyo kwenye ncha ya kijiti: ni digrii 6.8. Kwenye ramani, pima kilomita kutoka hapo mpaka Ikweta moja kwa moja kaskazini: 755. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 6.8. Unapata karibu kilomita 40,000, na mzingo halisi kupitia ncha za Dunia ni 40,008. Kadiri unavyokaa mbali na Ikweta ndivyo jibu linavyokuwa safi; ndugu zetu wa Muscat watapata kivuli cha sentimita 44 hivi. Ukiwa Nairobi uko karibu mno, kosa la milimita chache litakuharibia hesabu.

Kutoka Dunia mpaka mita moja unashuka haraka, maana ni nchi unayoijua: Ziwa Viktoria, kisha Kilimanjaro yenye mita 5,895, kisha mnazi, kisha wewe. Viandike na uendelee.

Hatua ya 8: Mpaka wa macho

Chukua rimu mpya ya karatasi 500, upime unene wake. Ni sentimita 5 hivi. Karatasi moja basi ni sehemu ya kumi ya milimita. Hapo, kwenye hasi 4, ndipo macho yetu yanapoanza kushindwa kutenganisha vitu.

Unywele uko kwenye mpaka huo. Upime kwa leza. Bandika unywele ukatize mdomo wa kalamu ya leza, uelekeze ukutani mita 3 mbali, chumba kikiwa giza. Badala ya doa moja utaona mstari wa madoa yenye mianya myeusi. Pima kutoka katikati ya doa kubwa mpaka mwanya wa kwanza. Urefu wa wimbi la leza umeandikwa kwenye kibandiko chake, mara nyingi nanomita 650, yaani milimita 0.00065. Zidisha kwa milimita 3,000, gawanya kwa ulichopima. Ukipata mwanya kwenye milimita 28, unywele wako ni milimita 0.07. Asiangaziwe mtu machoni, hata kwa mzaha.

Kwa vitu vya ukubwa huu simu inatosha. Ilaze kioo kikitazama juu, washa kamera ya mbele, dondosha tone dogo la maji safi juu ya lenzi yake. Shika simu nyingine milimita chache juu ya tone, kioo chake kikiwa cheupe na kikitazama chini. Weupe unavunjika kuwa nukta nyekundu, kijani na buluu.

Chini ya hapo hadubini inahitajika, na ya karibu nawe huenda iko kwenye maabara ya zahanati. Mtaalamu anayepima malaria kwa slaidi hutia tone la mafuta, akatumia lenzi ya 100 na kutazama damu ikiwa imekuzwa mara 1,000. Seli nyekundu ya damu, ambayo ni mikromita 7 mpaka 8, hapo huonekana kama imefika milimita 7 au 8. Kimelea kichanga cha malaria kinaonekana ndani yake kama pete ndogo yenye kito. Ukipata nafasi ya kuomba kuangalia, omba. Hakuna picha inayoshinda kumuona adui huyo kwa jicho lako. Bakteria wako hapohapo kwenye hasi 6.

Virusi wengi hutawaona kwa hadubini hiyo hata ikiwa nzuri kiasi gani. Ernst Abbe alieleza sababu mwaka 1873: mwanga una urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700, na kitu kilicho chini ya nusu ya hapo hakichoreki nao. Kirusi cha UKIMWI kina nanomita 120. Ilibidi ije hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga, iliyotengenezwa Ujerumani na Ernst Ruska na Max Knoll mwaka 1931.

Hatua ya 9: Pima molekuli kwenye sinia

Ajabu ni kwamba kidato cha chini zaidi, ambacho hadubini ya zahanati haikifikii, jikoni kinafikiwa. Chukua sinia kubwa la pilau, lioshe, lisuuze mara nyingi mpaka pasibaki hata harufu ya sabuni. Sabuni kidogo tu huharibu kila kitu. Jaza maji, subiri yatulie, nyunyiza poda ya mtoto juu yake kwa wembamba kabisa.

Chovya ncha ya waya mwembamba kwenye mafuta ya zeituni au ya alizeti, ukung'ute mpaka libaki tone dogo la nusu milimita. Lilinganishe na rula huku ukitazama kwa lenzi. Gusa nalo maji katikati ya sinia. Poda itakimbia ghafla pande zote na kuacha duara safi. Pima upana wa duara kabla halijaharibika.

Mafuta yametandazika mpaka yakashindwa kuwa membamba zaidi, kwa sababu yamebaki tabaka la molekuli moja. Tone la nusu milimita lina ujazo wa milimita za ujazo 0.065. Duara la sentimita 20 lina eneo la milimita za mraba 31,400. Gawanya cha kwanza kwa cha pili: unene ni kama nanomita 2. Jibu lako likiwa 1 au 4 usisikitike. Kupima tone ndiko kugumu. DNA iliyo katika seli zako ina upana wa nanomita 2 hizohizo.

Benjamin Franklin alimwaga kijiko cha chai cha mafuta kwenye bwawa la Clapham, London, akaona yakituliza karibu nusu eka, lakini hakupiga hesabu ya unene. Baadaye Agnes Pockels, binti wa Ujerumani aliyekuwa akitunza nyumba ya wazazi wake, alibuni jikoni kwake sinia la kupimia tabaka hizi. Barua yake kwa Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, ilichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1891.

Hatua ya 10: Ndani ya atomi

Atomi ya hidrojeni ni sehemu ya kumi ya nanomita, hasi 10. Tangu mwaka 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walipotengeneza huko Zürich hadubini inayopapasa kwa ncha ya sindano, atomi mojamoja zimekuwa zikionekana. Mwaka 1989 watafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM walipanga atomi 35 za gesi ya zenoni zikaandika jina la kampuni yao.

Kisha linakuja pengo la pili. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, kutokana na majaribio ambayo Hans Geiger na Ernest Marsden walifanya Manchester kwa utandu wa dhahabu, alieleza kwamba uzito karibu wote wa atomi umo katika kiini kidogo mno. Protoni, ambayo ndiyo kiini cha hidrojeni, ina upana wa mara 1.7 ya alama ya hasi 15. Rudisha punje ya ulezi uliyoitumia kwa Dunia, sasa iwe protoni: atomi yake ina upana wa mita 80. Kwenye utepe hizo ni karibu sentimita 16, pengo refu kuliko lile la Neptune na Proxima.

Ndani ya protoni kuna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki. Kwaki na elektroni hakuna aliyewahi kuzipima upana. Majaribio, pamoja na yale ya mtambo wa kugonganisha chembe wa CERN, huko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wenye mzingo wa kilomita 27, yanaonyesha tu kwamba kama zina upana, uko chini ya hasi 18. Ndiyo maana utepe wako uliishia hapo.

Sasa tumia karatasi iliyobaki. Shuka sentimita 57 chini ya hasi 18, weka alama na uandike hasi 35. Huo ni urefu wa Planck, uliokokotolewa na Max Planck mwaka 1899 kutokana na kasi ya mwanga, nguvu ya uvutano na kanuni ya kwanta, ile inayotawala vitu vidogo kama atomi. Chini yake hesabu zetu za nafasi hazina maana tena. Sehemu yote ya katikati iache wazi, hakuna chombo kilichofika.

Mwisho, kunja utepe ili alama ya 27 ikae juu ya hasi 35. Husemwa mara nyingi kwamba binadamu yuko katikati ya ulimwengu kwa ukubwa. Mkunjo unaangukia hasi 4, unene wa karatasi yenyewe uliyoshika, na alama ya mita moja iko sentimita 13 juu yake. Mkunjo wako ukiangukia kwingine, kuna alama uliyoipima vibaya. Rudi juu uhesabu upya kuanzia 27.